Kichupa Kilichokatiwa Utepe

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwa kuogopa, la hasha. Jina jipya lipo tayari, limeshachapishwa hata kwenye kofia na vitambaa, ila halijazinduliwa, na lile la zamani limepigwa marufuku. Kwa sasa tunaishi nchini hivi hivi tu.

Kwetu hakuna kitu kinachoruhusiwa kufanya kazi kabla ya kukatiwa utepe. Ndio ustaarabu wetu, na tunajivunia. Kisima kikichimbwa hupigwa kufuli mpaka siku ya hafla, na wananchi huendelea kuchota maji kwenye dimbwi la jirani, huku wakikitazama kisima chao kwa heshima. Barabara ya kwenda uwanja wa ndege imeshazinduliwa mara kadhaa, na siku itakapojengwa itazinduliwa tena. Kiongozi wetu haitwi rais wala mfalme. Anaitwa Mzinduzi Mkuu, na mkasi wake wa dhahabu una gari lake na walinzi wake.

Mimi naitwa Ngwali, Mbeba Aibu wa Serikali. Msicheke, ni kazi rasmi. Katika nchi nyingine kiongozi akivuruga mambo huona aibu mwenyewe, na hapo muda wa kujenga taifa hupotea bure. Sisi hilo tuliliona mapema. Aibu yote ya wakubwa huletwa ofisini kwangu, nami naibeba kwa niaba yao. Daraja likianguka, naitwa. Nasimama mbele ya waliofiwa, nainamisha kichwa, nachorachora chini kwa kidole gumba cha mguu, nauma kidole, kisha najifunika uso kwa kitambaa cha serikali. Nikimaliza napanda gari, narudi nyumbani, nakula na kulala vizuri. Kuna chuo cha kazi hii, na somo la kutazama chini nilikuwa wa kwanza darasani.

Kwa sababu ya kutazama chini, wakubwa wa nchi hii nawajua kwa viatu. Waziri wa Fedha ana vya ngozi ya mamba. Mzinduzi Mkuu ana vyeusi vyenye ncha, vinavyong'aa hata nimewahi kujiona uso ndani yake. Uso wake yeye nilikuwa sijapata kuuona ila kwenye mabango.

Chuoni kulikuwa pia na kanuni moja ambayo wakufunzi waliipita harakaharaka. Ilisema kwamba anayeletewa aibu akiikataa, irudishwe kwa mwenyewe. Hakuna aliyeuliza swali. Nani angekataa, jamani, wakati serikali imejisumbua mpaka mlangoni kwake?

*

Sasa niwaeleze habari za kichupa.

Hospitali yetu kuu ina mtafiti mmoja, Daktari Sihaba, mwanamke mfupi anayetembea kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Aliagiza kutoka ng'ambo kichupa kidogo, hakizidi kidole cha mtoto, na kwa kosa hilo la kuagiza kitu kidogo akaitwa mbele ya Kamati ya Itifaki ajieleze. Nilikuwepo, nimesimama mlangoni kama kawaida yangu, endapo ingetokea aibu ya ghafla.

Mkuu wa Itifaki ni Bwana Tindo, viatu vyeupe. Alimwambia Daktari aeleze polepole, kwa sababu wajumbe ni watu wazito.

"Ndani ya kila seli ya mwili," Daktari alisema, "kuna uzi mrefu wenye maelekezo yote ya mwili. Uzi huo umezungushwa kwenye rili, kama uzi wa cherehani. Rili hizo zinaitwa histoni. Sasa kuna kimeng'enya kinachopita kikizibandika alama. Kikishabandika, uzi unakazwa na maelekezo ya pale hayasomeki tena."

"Kinabandika kwa idhini ya nani?" Bwana Tindo akauliza.

"Hakihitaji idhini, mheshimiwa. Ndivyo mwili ulivyo. Kikifanya kwa kiasi hakuna ubaya. Kikizidi, kinafungia hata maelekezo yanayouambia mwili uache kuota. Hapo ndipo uvimbe unapokuja."

"Yaani kinafungia maelekezo halali yasisomwe, na mwili mzima unaumia?"

"Hasa."

Niliona viatu vya wajumbe vikirudi nyuma taratibu chini ya viti.

"Na kichupa chako kinafanya nini?"

"Kina kingamwili. Ni protini iliyotoka kwa sungura. Inakitafuta kimeng'enya hicho kimoja tu katikati ya vingine vyote, inaking'ang'ania, na sisi kwenye hadubini tunaona kipo wapi na kimezidi kiasi gani."

Mjumbe mmoja mwenye viatu vya kahawia akauliza, kwa sauti ya mtu mwenye mafua, kama kingamwili hiyo inaweza kufanya kazi wizarani pia.

"Kwenye seli tu," Daktari akajibu.

Wakashusha pumzi wote pamoja. Wakapitisha kwa kauli moja, wakaagiza chai.

*

Kilichomfanya Daktari Sihaba avumilie maswali hayo kilikuwa wodi ya watoto. Huko alilala msichana aitwaye Zaituni, mwenye uvimbe kwenye nyonga, pamoja na mama yake Bi Kidawa, muuza vitumbua. Nikisema alilala, namaanisha alilala sakafuni. Kitanda kipya kilikuwepo, kizuri, cha chuma, chenye godoro lake, ila kilikuwa kimezungushiwa utepe mwekundu kikisubiri mkasi. Watoto walilala pembeni yake, nao wauguzi walikifuta vumbi kila asubuhi.

Madaktari wageni walikuwa nchini wakichagua watoto wa kwenda kupewa dawa mpya ya majaribio, dawa inayokizuia kimeng'enya kile kisibandike ovyo. Sharti lao lilikuwa moja: waonyeshwe kwa macho kwamba kimezidi kwenye uvimbe wa mtoto. Asiyeonekana nacho hachukuliwi. Kipande cha uvimbe wa Zaituni ambacho Daktari aliweza kukipata kilikuwa kidogo mno, cha kupima mara moja tu. Na wageni walikuwa wanaondoka Ijumaa.

Kichupa kilifika mapema wiki hiyo, ndani ya boksi la barafu kavu linalotoa moshi. Daktari alikuwa uwanja wa ndege akikingoja, na kikasha chake cha baridi mkononi.

"Kimezinduliwa?" ofisa wa forodha akamuuliza.

"Kaka yangu, hiki kinatakiwa kikae kwenye friza. Kikipata joto kinakufa."

"Mama, mimi nakuuliza kimezinduliwa, wewe unanipa habari za friza."

Hata hivyo sisi si watu wabaya. Waliruhusu kikae kwenye friza ya mgahawa wa uwanja, kati ya kuku na vibua, kikisubiri siku yake. Nasikia huko ndiko kilikotunzwa vizuri kuliko mahali pengine popote katika nchi yetu.

*

Hafla ilipangwa Alhamisi, saa za jua kali, maana picha hutoka vizuri.

Palikuwa na tatizo la udogo. Bwana Tindo alisema wananchi hawawezi kusafirishwa kwa malori kuja kushangilia kitu wasichokiona. Maseremala wakaunda kichupa cha mbao chenye urefu wa nyumba ya ghorofa, kikapakwa rangi ya samawati. Kichupa chenyewe nacho kilitakiwa kiwepo, kwa kuwa Mzinduzi Mkuu aliwahi kuzindua picha ya hospitali, wenye husuda wakacheka. Pakaletwa pia sungura hai kuwakilisha ukoo, kafungwa tai shingoni. Baada ya hafla sungura yule hakuonekana tena, lakini chakula cha mchana wageni walikisifu sana.

Daktari Sihaba alifika na kikasha chake kilichojaa barafu, akakiweka mezani na kichupa ndani yake. Viatu vyeupe vikaja mbio.

"Daktari, unatuaibisha! Kikasha cha kubebea samaki, mbele ya Mzinduzi Mkuu?"

"Nakuomba, Bwana Tindo. Kiache humo. Akikizindua nikichukue hapo hapo."

"Kimeandaliwa mto wa mahameli."

"Mahameli yatakiua!"

"Hakuna mtu aliyewahi kuuawa na mahameli," Bwana Tindo akasema, na kichupa kikawekwa juani, juu ya mto mwekundu wenye vishada vya dhahabu. Daktari alivua mtandio akataka kukitilia kivuli. Askari wakamwambia anaharibu picha.

Ngoma zikapigwa, kwaya ikaimba, wanafunzi wakapita wakiwa wamevaa masikio ya karatasi. Mzinduzi Mkuu akainuka, akakishika kichupa, akakiinua juu kukielekeza kwenye jua, akakitikisa karibu na sikio.

"Ndugu wananchi," alianza, "wapo waliosema nchi yetu haiwezi kuwa na kingamwili. Leo wako wapi?"

Vigelegele.

"Wakoloni walituachia nini? Walituachia kingamwili?"

"Hapanaaa!"

"Mimi sina elimu ya vichupa, lakini nina mapenzi. Na kwa mapenzi hayo nakiweka hapa, karibu na moyo wangu!" Akakitia mfuko wa koti, upande wa kushoto, akaendelea kuhutubia. Alihutubia juu ya kilimo, juu ya wivu wa majirani, juu ya mama yake mzazi na jinsi alivyomlea. Alipokitoa, kilikuwa na joto la mwili wake, nadhani na la mapenzi pia.

Akakata utepe. Kisha, kwa ukarimu wake, akaagiza kifunguliwe kipitishwe jukwaa kuu, kila mheshimiwa akione. Viatu vya mamba vikanusa. Mke wa waziri mmoja akajipaka tone nyuma ya sikio. Kilipomrudia Bwana Tindo kilikuwa kimebaki robo, na Bwana Tindo, ambaye ni mtu muungwana, hakutaka kumrudishia Daktari kitu pungufu. Akakijaza maji ya kunywa mpaka shingoni.

Nilikuwa nimesimama pale pale, nikitazama chini. Hakuna aliyeniambia nione aibu, kwa hiyo sikuona.

*

Daktari Sihaba alijua kwamba kimeharibika. Waliomtazama wanasema usoni kwake ilisomeka; mimi, macho chini, nilikisoma kivuli chake tu. Lakini Ijumaa ilikuwa kesho yake, na kichupa kingine hakikuwepo nchini. Alikwenda maabara akatumia kilichokuwepo, juu ya kile kipande kimoja cha nyama ya Zaituni, huku akiomba. Alipoweka jicho kwenye hadubini hakuona kitu. Hakuna alama hata moja. Kipande kikawa kimekwisha, na wageni wakafunga mabegi yao. Walimwambia Daktari kwamba wanasikitika, na ninaamini walisikitika, kwa sababu kwao kila mtu husikitika mwenyewe.

Siku ya pili redio ya taifa ikatangaza ushindi. Kipimo cha kisasa, kilichozinduliwa na Mzinduzi Mkuu kwa mkono wake, kilikuwa kimekitafuta kimeng'enya hatari na hakikukipata. Hivyo nchi yetu ilikuwa ya kwanza katika ukanda huu kuwa huru kabisa na kimeng'enya hicho. Tukapewa nusu siku ya mapumziko tucheze ngoma.

"Kipo!" Daktari Sihaba alipiga kelele dirishani, mpaka watu wa sokoni wakasimama. "Kipo, tumeua kinachokiona! Mmekianika juani kama dagaa!"

Wizara ilimjibu kwa upole kwamba ugonjwa usio na kimeng'enya haupo, na mgonjwa wa ugonjwa usiokuwepo anajaza nafasi ya wengine. Ikaamriwa Zaituni aruhusiwe, aende nyumbani akiwa mzima. Bi Kidawa alikataa kwenda. Daktari na wauguzi wakamficha mtoto mahali pekee ambapo wakaguzi wa wizara hawakagui kamwe, yaani chini ya kile kitanda chenye utepe. Kisheria, kitu ambacho hakijazinduliwa hakipo, na chini ya kitanda kisichokuwepo mkaguzi ataangalia nini?

Lakini kelele za dirishani zilishasambaa. Simu ikalia ofisini kwangu: aibu moja, ya ukubwa wa kati, ipelekwe wodi ya watoto.

*

Nilikwenda na kitambaa changu kimepigwa pasi. Nilisimama mbele ya Bi Kidawa, nikainamisha kichwa, nikaanza kuchorachora sakafu kwa kidole gumba. Kazi niliifanya vizuri, nasema bila majivuno. Nilikuwa nimefika kwenye kuuma kidole, macho yangu yakiwa chini kama tulivyofundishwa, nikakuta huko chini kuna mtu.

Katika miaka yote ya kazi yangu, chini hapajawahi kuwa na mtu. Palikuwa na sakafu, vumbi na viatu. Safari hii kulikuwa na macho mawili chini ya kitanda, makubwa, katika uso uliokonda, yakinitazama.

"Babu," Zaituni akaniuliza, "umepoteza nini?"

Kidole changu kilikuwa bado kati ya meno.

"Nikusaidie kutafuta? Huku chini mimi naona vizuri." Akaanza kupapasa sakafu kwa mkono mmoja, kwa sababu upande wa pili haukumruhusu kugeuka. "Ni hela? Ni kifungo?"

Uso ukaniwaka moto. Nikafikiri ni homa. Nikatafuta pa kuutia uso wangu nisipaone, maana chini, ambako nimeuweka miaka yote, kulishakaliwa. Nikajifunika kitambaa cha serikali, na joto likapita kwenye kitambaa. Ndipo nilipofahamu kwamba ile ndiyo aibu yenyewe, ambayo nimekuwa nikiipeleka kwa watu bila kujua inavyounguza.

Bi Kidawa alikuwa akinitazama.

"Baba, wewe ndiye uliyekitia mfukoni?" akaniuliza.

"Hapana, mama."

"Wewe ndiye uliyekitia maji?"

"Hapana."

"Ulikata utepe?"

"Sijawahi kushika mkasi."

"Basi aibu hii uliyoniletea ni ya nani?"

"Ni ya serikali, mama. Mimi naibeba tu."

Akamfunika mwanawe miguu kwa khanga. "Mimi siitaki," akasema. "Mwanangu anaumwa, nifanyie nini kichwa chako kilichoinama? Inua kichwa, baba. Irudishe kwa mwenyewe."

Nilikwenda kwa Bwana Tindo siku hiyo hiyo. Nilimweleza kwamba aibu imekataliwa, na kwamba kanuni inasema irudishwe kwa Mzinduzi Mkuu.

"Kubwa kiasi gani?" akaniuliza.

"Sijaona nyingine kama hii."

"Na imezinduliwa?"

"Hapana, Bwana Tindo."

"Sasa Ngwali, mtu mzima kama wewe. Itatumikaje?" Akanigongagonga begani, viatu vyeupe vikaondoka. Nami nikabaki nayo. Usiku nilikuwa nageukageuka kitandani, mke wangu akidhani nimekula kitu kibaya.

*

Zaituni alikufa chini ya kitanda kile. Daktari Sihaba alikuwa ameagiza kichupa kingine kwa siri, na kilikuwa bado njiani. Sina namna ya kulichekesha hili, na nimejaribu.

Serikali yetu ina huruma. Iliposikia kwamba wodi imepatwa na msiba, iliamua kuifariji kwa kukizindua kitanda. Mapazia yakafuliwa, watoto waliokuwa sakafuni wakasogezwa ukutani wasiingie kwenye picha. Bi Kidawa alialikwa atoe shukrani. Mimi niliagizwa nisimame karibu na kitanda, nimeinama, kwa tahadhari.

Viatu vyeusi vyenye ncha vikaingia, vikasimama mbele yangu. Hotuba ilikuwa fupi kwa kawaida yake, jua lilikuwa halijazama. Mkasi wa dhahabu ukatolewa kwenye sanduku lake. Nikausikia ukifunguka.

Nilikuwa natazama pale chini alipokuwa analala Zaituni. Pameshafagiliwa. Nikaisikia sauti ya mtoto ikiniuliza nimepoteza nini, na moto ule ukanipanda tena usoni, nikaona siwezi kurudi nao nyumbani usiku mwingine.

Nikainua kichwa.

Shingo iliniuma, haikuzoea. Kwa mara ya kwanza nikamwona Mzinduzi Mkuu. Hakufanana na mabango. Alikuwa mzee tu, ana chunjua karibu na pua, na macho makavu kama ya wazee wote. Nikayatazama. Mkasi ukasimama hewani.

"Unatazama nini?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Narudisha, Mheshimiwa."

"Unarudisha nini?"

Niliendelea kumtazama tu. Bi Kidawa naye akawa anamtazama, na Daktari Sihaba, na wauguzi, na akina mama waliokuwa ukutani. Bwana Tindo akaniamuru niiname, akaniamuru tena. Kwaya ikasahau kuimba. Nikaona wekundu ukianza shingoni kwa Mzinduzi Mkuu, ukapanda mashavuni, ukafika masikioni. Akapepesa macho. Kisha, polepole, kama mtu ambaye hajasomea chuo chochote, akatazama chini, kwenye viatu vyake.

Mkasi haukukata. Bi Kidawa akasogea kitandani, akaushika utepe, akaufungua kwa vidole. Lilikuwa fundo la kawaida tu, mtu yeyote angeweza kulifungua. Akamgeukia mama mmoja aliyekaa ukutani na mwanawe mapajani.

"Njoo umlaze," akamwambia.